Chai na Kahawa: Kipi Kina Kafeini Zaidi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa kama lilivyosomwa. Kiongozi wa kikundi aandike maneno mapya ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti mara tatu kabla ya somo kuanza.

MANENO MAPYA

kafeini (ka-fe-i-ni): kitu kilichomo ndani ya chai na kahawa, kinachofukuza usingizi.
gramu (gra-mu): kipimo cha uzito. Kilo moja ni gramu 1,000.
miligramu (mi-li-gra-mu): kipimo kidogo sana cha uzito. Gramu moja ni miligramu 1,000.
buni (bu-ni): punje ya kahawa kabla ya kukaangwa. Mti wake ni mbuni.

SOMO

MWALIMU: Mabibi na mabwana, wanafunzi wote mliokusanyika madarasani, barazani na majumbani, hamjambo? Leo ninao hapa wenzenu wawili wa darasa la Tabora, Mzee mmoja na Mama mmoja. Watauliza maswali kwa niaba yenu. Mzee, shikamoo.

MZEE: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Mama, hujambo?

MAMA: Sijambo, Mwalimu.

MWALIMU: Somo la leo ni juu ya vinywaji viwili vinavyojulikana katika kila nyumba, chai na kahawa. Twataka kujua ni kipi chenye kafeini zaidi. Pengine mtu atasema, "Jambo hili lanihusu nini? Mimi hunywa chai yangu nikaenda shambani." Lakini lamhusu. Lamhusu mama mjamzito na mtoto mdogo. Lamhusu dereva wa usiku. Lamhusu kila mtu anayelala akigeuka-geuka kitandani bila kupata usingizi. Mwisho wa somo, kila mmoja wenu ataweza kushika kalamu na kuhesabu mwenyewe kiasi anachokunywa kwa siku.

Kafeini ni kitu gani?

MZEE: Mwalimu, tangu utoto wetu twajua kwamba kahawa hufukuza usingizi. Je, hiyo kafeini ndiyo inayoufukuza?

MWALIMU: Ndiyo hiyo, Mzee wangu. Kafeini ukiitenga peke yake ni unga mweupe, mchungu, usio na harufu. Haina chakula ndani yake, wala haijengi mwili. Kazi yake kubwa huifanya ubongoni.

Sikilizeni jinsi inavyofanya. Mtu akiwa macho, mwili wake hutengeneza kitu kiitwacho adenosini. Kadiri anavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyozidi ubongoni. Yafanya kazi kama mjumbe apitaye nyumba kwa nyumba akitangaza, "Mmechoka, laleni." Sasa kafeini hufika ikakaa mlangoni, mjumbe akakosa pa kuingilia. Kwa hiyo mtu hajisikii kuchoka. Lakini mjumbe hakwenda zake. Yuko nje anangoja, na wenzake wazidi kuja. Kafeini ikiisha, wote huingia pamoja.

Basi andikeni sentensi hii katika madaftari yenu: Kafeini haiondoi uchovu, huuficha tu. Kinachoondoa uchovu ni usingizi.

MAMA: Na huo mti, Mwalimu, wapata faida gani kuwa na kitu kama hicho?

MWALIMU: Swali zuri, Mama. Mti hautengenezi kafeini kwa ajili yetu. Huitengeneza kwa kujilinda, maana kafeini ni sumu kwa wadudu wengi. Ndiyo sababu majani machanga ya mti wa chai, ambayo ni laini na hupendwa na wadudu, ndiyo yenye kafeini zaidi kuliko majani makubwa. Na majani hayo machanga ndiyo yanayochumwa, yaani kichipukizi na majani mawili.

Tena ninyi watu wa Tabora, nchi ya asali, mtapenda kusikia habari hii. Utomvu mtamu wa maua ya mbuni nao una kafeini kidogo sana. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kafeini ya kiasi hicho humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua. Akikumbuka harufu hulirudia ua. Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa sumu kikiwa kingi, na chambo kikiwa kidogo. Shikeni jambo hilo la kiasi, kwa maana ndilo somo lenyewe la leo.

Kahawa katika njia ya misafara

MZEE: Kahawa haikuanza jana hapa kwetu. Waarabu walikunywa Unyanyembe zamani.

MWALIMU: Kweli, Mzee. Kahawa asili yake ni Ethiopia. Huko Yemeni, katika karne ya 15, watu wa tarika waliinywa ili wakae macho kwa ibada za usiku. Desturi ya kunywa kahawa ikaenea Arabuni, ikafika Unguja na pwani yetu, na Waarabu waliofanya biashara katika njia ya misafara wakaja nayo bara. Mji wao hapa uliitwa Kazeh. Wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, waliufikia tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ndefu kutoka pwani.

Kutoka Kazeh njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Na huko Karagwe na Buhaya kulikuwa na kahawa ya wenyeji, wala haikuletwa na mgeni wa pwani. Wenyeji hawakuinywa, waliitafuna. Matunda ya mbuni yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha mgeni akapewa atafune. Tena tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani yake. Watu wawili wakifanya udugu wa kuchanjiana waligawana punje hizo mbili, kila mtu moja. Burton mwenyewe hakufika Karagwe, lakini alipokuwa Kazeh alisimuliwa na Waarabu habari za kahawa hiyo, akaziandika.

MAMA: Basi Tabora ilikutana na kahawa za namna mbili.

MWALIMU: Umesema vema, Mama. Na tofauti haikuwa katika kunywa na kutafuna tu. Mibuni yenyewe si ya namna moja. Ile ya Arabuni huitwa arabika, na ndiyo ile iliyopandwa baadaye Kilimanjaro. Ile ya asili ya Buhaya huitwa robusta. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kumbukeni jambo hili, tutalihitaji katika hesabu zetu.

Chai ni habari nyingine. Asili yake ni nchi za mashariki, na Wachina ndio walioanza kuinywa. Neno letu "chai" latokana na neno lao, na neno "kahawa" latokana na Kiarabu. Katika nchi yetu Wajerumani walijaribu kupanda chai Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba makubwa ya biashara yalianza katika miaka ya 1920, nako Mufindi na Rungwe kukawa nchi ya chai.

Jina lililowapoteza watu

MZEE: Mwalimu, mimi nimesikia watu wakisema kafeini imo katika kahawa tu. Chai, wanasema, haina.

MWALIMU: Watu wengi husema hivyo, na sababu yake ni jina. Mwaka 1819 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kemia, jina lake Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kafeini kutoka katika buni. Kwa sababu ilitoka katika kahawa, ikapewa jina linalofanana na kahawa. Mwaka 1827 kitu cha namna hiyo kilionekana katika majani ya chai, nacho kikapewa jina lake, teini. Watu wakadhani ni vitu viwili. Mwaka 1838 ndipo ilipothibitishwa kwamba teini na kafeini ni kitu kimoja. Kwa hiyo anayekunywa chai anakunywa kafeini ile ile ya kahawa. Tofauti ni kiasi.

Mizani ya kwanza: majani na buni

MWALIMU: Sasa tuingie katika hesabu. Chukueni kalamu. Tuseme tunayo mizani dukani. Upande mmoja tunaweka gramu 100 za majani makavu ya chai. Upande wa pili tunaweka gramu 100 za kahawa. Mzee, wadhani wapi mna kafeini zaidi?

MZEE: Katika kahawa, bila shaka.

MWALIMU: Wengi wangejibu hivyo. Lakini tazameni:

Majani ya chai, gramu 100: kafeini karibu gramu 3.
Kahawa ya robusta, gramu 100: kafeini karibu gramu 2, na pengine zaidi kidogo.
Kahawa ya arabika, gramu 100: kafeini gramu 1 na ushei, yaani karibu 1.2.

MAMA: Kumbe chai ndiyo iliyozidi!

MWALIMU: Chai imezidi mizanini, Mama. Lakini hapana mtu anayekula majani ya chai kwa kijiko. Twanywa kikombe. Basi lazima tupime kikombe.

Mizani ya pili: kikombe

MWALIMU: Katika gramu 1 ya majani ya chai mna kafeini miligramu 30. Kikombe kikubwa kimoja, cha karibu robo lita, huhitaji majani gramu 2 hivi, kama kijiko kidogo kisichojaa. Mama, fanya hesabu.

MAMA: 30 mara 2 ni 60. Miligramu 60.

MWALIMU: Vema. Lakini si kafeini yote inayotoka katika majani. Nyingine hubaki katika makapi. Kwa hiyo kikombe cha chai huwa na miligramu 40 hadi 50. Sisi tutatumia 45.

Sasa kahawa ya arabika. Katika gramu 1 mna miligramu 12. Lakini kikombe kikubwa kama kile cha chai huhitaji unga wa kahawa gramu 10 hivi, si gramu 2. Mzee?

MZEE: 12 mara 10 ni 120.

MWALIMU: Sawa. Nayo haitoki yote. Kikombe hubaki na miligramu 95 hivi. Na kama kahawa ni ya robusta?

MZEE: Gramu 1 ina 20. Mara 10 ni 200. Lo!

MWALIMU: Hata ikitoka pungufu, bado ni nyingi. Basi jibu la swali letu ni hili: Uzito kwa uzito, majani ya chai yana kafeini zaidi. Kikombe kwa kikombe, kahawa ina kafeini zaidi, karibu mara mbili ya chai. Sababu ni kwamba kikombe cha kahawa huhitaji unga mwingi, na kikombe cha chai huhitaji majani machache.

MAMA: Na ile kahawa ya unga ya kukoroga tu kwa maji ya moto?

MWALIMU: Hiyo hutengenezwa kiwandani, kama kile cha TANICA huko Bukoba. Kijiko kidogo kimoja katika kikombe hutoa miligramu 60 hivi. Iko katikati ya chai na kahawa ya kupika.

Kahawa ya kijikombe

MZEE: Lakini, Mwalimu, sisi wazee hatunywi kahawa kwa robo lita. Twakaa barazani, muuza kahawa apita na birika lake na makaa chini, twanywa vijikombe viwili vitatu na kashata. Hesabu yetu ni ipi?

MWALIMU: Tuifanye. Tuseme muuza kahawa atia gramu 60 za unga katika birika, naye apata vijikombe 20. Gawanya 60 kwa 20.

MZEE: Ni 3. Kila kijikombe kina gramu 3.

MWALIMU: Basi kama ni arabika, 12 mara 3 ni 36. Kama ni robusta, 20 mara 3 ni 60. Kwa hiyo kijikombe kimoja cha kahawa chungu, ijapokuwa ni kidogo, chakaribia kikombe kikubwa cha chai. Vijikombe vitatu vya robusta vyaweza kufika miligramu 180. Usidanganywe na udogo wa kikombe. Uliza mliingia unga kiasi gani.

Na chai ya nyumbani nayo yafuata kanuni hiyo hiyo. Mama akitia gramu 5 za majani katika sufuria ya vikombe 6, zote pamoja ni miligramu 150. Gawanya kwa 6, kila kikombe ni 25 tu, au chini. Jirani yake akitia majani hayo hayo katika vikombe 3, kila kikombe ni 50. Zote zaitwa chai, lakini moja ni mara mbili ya nyingine.

Yasiyopunguza kafeini

MAMA: Nikitia maziwa, kafeini yapungua?

MWALIMU: Haipungui, ila kama maziwa yamechukua nafasi ya chai yenyewe katika kikombe. Sukari haiipunguzi. Tangawizi, iliki na mdalasini haviipunguzi. Asali yetu ya Tabora nayo haiipunguzi. Rangi nyeusi pia si kipimo. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi si lazima iwe na kafeini zaidi ya ile ya hudhurungi. Chai ya kijani nayo ina kafeini, maana yatoka katika mti ule ule.

Chai ikichemshwa muda mrefu hutoa kafeini zaidi kidogo, lakini sehemu kubwa hutoka katika dakika za mwanzo. Kinachoendelea kutoka ni uchungu ule unaokausha ulimi.

Vinywaji visivyo na kafeini ni mchaichai, tangawizi peke yake katika maji ya moto, na maua ya rozela. Haya si majani ya mti wa chai, ijapokuwa twayaita chai. Na msisahau kwamba soda ya kola ina kafeini, yapata miligramu 30 na zaidi katika kopo moja. Vile vinywaji vya makopo viitwavyo vya kuongeza nguvu, vingi huwa na miligramu 80 katika kopo la mililita 250.

Kafeini yakaa mwilini muda gani?

MWALIMU: Kafeini huanza kufanya kazi upesi, yapata nusu saa baada ya kunywa. Lakini kutoka mwilini huchukua muda. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu yake huondoka kwa saa 5 hivi. Tufuate mfano. Mtu amekunywa kikombe kikubwa cha kahawa, tuseme miligramu 100, saa kumi jioni.

Saa kumi jioni: miligramu 100.
Saa tatu usiku: miligramu 50.
Saa nane usiku: miligramu 25.

MZEE: Kumbe saa tatu, nikipanda kitandani, ni kama nimekunywa kikombe cha chai sasa hivi!

MWALIMU: Ndivyo ilivyo. Watu hawafanani. Mmoja hunywa usiku akalala, mwingine hunywa adhuhuri asilale. Lakini anayekosa usingizi ajaribu kuacha chai na kahawa tangu saa nane mchana, kwa juma moja, aone.

Na anayeacha asiache kwa ghafula. Aliyezoea kunywa nyingi kila siku akiacha mara moja, huumwa kichwa na kuwa mchovu siku mbili tatu au zaidi. Ndugu zetu Waislamu wengine huumwa kichwa siku za mwanzo wa Ramadhani, wakadhani ni njaa tu. Pengine ni kukosa kahawa ya asubuhi. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja tangu Shaabani.

Nani ajihadhari?

MWALIMU: Sasa tumefika penye jambo kubwa. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa vipimo hivi. Mtu mzima mwenye afya aweza kunywa mpaka miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na isizidi 200 kwa mara moja. Mama mjamzito au anayenyonyesha asizidi miligramu 200 kwa siku.

MAMA: Kwa nini mjamzito awe na kiasi chake?

MWALIMU: Kwa sababu mbili. Kwanza, mwili wa mjamzito huchelewa sana kuiondoa kafeini, hasa miezi ya mwisho. Ile ya saa 5 yaweza kuwa saa 10 au zaidi. Pili, kafeini hupita ikamfikia mtoto tumboni, naye hana uwezo wa kuiondoa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, kusudi apunguze hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Na mtoto mdogo? Mamlaka ile ya Ulaya yasema isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15, fanyeni hesabu.

MZEE: 3 mara 15 ni 45.

MWALIMU: Yaani kikombe kimoja cha chai iliyokolea kimekwisha kumfikisha mpakani. Tena chai haina chakula. Mtoto akijazwa chai tumbo hushiba maji, uji na maziwa akavikataa. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe chai hata kijiko. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

Hapa niongeze jambo moja ambalo si la kafeini, lakini mama yeyote lazima alijue. Katika chai na kahawa mna ule uchungu unaokausha ulimi. Uchungu huo hushika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, yasiingie mwilini. Na chuma ndicho kinachojenga damu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1983, chai iliyonywewa pamoja na chakula ilipunguza chuma kilichoingia mwilini kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39.

MAMA: Basi hapo chai ndiyo mbaya zaidi kuliko kahawa.

MWALIMU: Hapo ndiyo, Mama. Kwa hiyo mjamzito akila maharage au mchicha, asiteremshie kwa chai. Anywe maji. Chai ainywe mbali na mlo, kama saa moja kabla ya kula, au ikiwa imepita muda mrefu baada ya kula. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki avimeze kwa maji, asivimeze kwa chai hata kidogo.

MZEE: Na dereva wa usiku, Mwalimu? Kijana wangu huendesha lori la tumbaku.

MWALIMU: Mwambie hivi, Mzee. Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wake kati ya Tabora na Bagamoyo, zaidi ya kilometa 800. Alikwenda kwa posho ya nafaka, na kila siku msafara ulipiga kambi watu wakalala. Hapana aliyesema mzigo utabebwa bila chakula na usingizi. Lori nalo haliendeshwi kwa makopo. Dereva akiona macho yanafumba, asimamishe gari mahali pa salama. Anywe kikombe kimoja cha kahawa, kisha alale dakika 20. Akiamka, usingizi umempa nguvu kidogo, na kafeini ndiyo kwanza inaanza kazi. Lakini hiyo ni ya kumfikisha mahali pa kulala tu. Haitoshi kwa usiku mzima. Mjumbe yuko mlangoni bado.

Muhtasari wa somo

MWALIMU: Basi tukumbuke mambo manne. Moja, kafeini ya chai na ya kahawa ni kitu kimoja. Mbili, majani yazidi mizanini, kahawa yazidi kikombeni. Tatu, kiasi cha majani au unga ndicho kipimo, wala si rangi wala ukubwa wa kikombe. Nne, kafeini huficha uchovu, haiuondoi.

MAMA: Ahsante, Mwalimu. Mimi leo nitapima kijiko changu.

MZEE: Nami nitamwuliza muuza kahawa buni yake ni ya wapi.

MWALIMU: Ahsanteni wote wawili. Wanafunzi, fanyeni mazoezi yafuatayo pamoja na kiongozi wenu. Kwaherini.

MASWALI

1. Kwa nini kikombe cha kahawa kina kafeini zaidi, na hali majani ya chai yana kafeini zaidi yakipimwa kwa mizani?
2. Taja vinywaji viwili viitwavyo chai ambavyo havina kafeini.
3. Kwa nini mjamzito asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai?
4. Andika sentensi tatu juu ya kahawa ya Karagwe na Buhaya.

HESABU

1. Mama mjamzito hunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja miligramu 45. Jioni hunywa kikombe kikubwa 1 cha kahawa, miligramu 95. Jumla ni ngapi? Je, amezidi miligramu 200?
2. Dereva amekunywa makopo 2 ya kinywaji cha kuongeza nguvu, kila kopo miligramu 80, na vijikombe 5 vya kahawa ya robusta, kila kimoja miligramu 60. Jumla ni ngapi? Je, amezidi miligramu 400?
3. Mtu amekunywa miligramu 80 saa kumi na mbili jioni. Saa tano usiku zimebaki ngapi?
4. Andika vyote ulivyokunywa jana vyenye kafeini, uvijumlishe.

MAJIBU YA HESABU

1. Miligramu 230. Amezidi kwa 30. Akiacha ile kahawa ya jioni, atabaki na 135.
2. Miligramu 460. Amezidi kwa 60, na bado hajalala.
3. Miligramu 40.
4. Kila mwanafunzi ana jibu lake. Kiongozi asaidie kukagua.